Baba Yangu Hakuwa Mnene

Baba yangu hakuwa mnene. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye shingo ndefu na mifupa ya mabega iliyoonekana hata ndani ya koti. Nalisema hili gazetini kwa sababu Krismasi iliyopita wajukuu zake, ambao hakuna hata mmoja aliyemkuta hai, walikaa kwenye mkeka mbele ya TV yangu hapa Lundo, kando ya Ziwa Nyasa, kuangalia harusi ya dada yangu ya mwaka 1998. Baba alipotokea akiwa amemshika bibi harusi mkono, mtoto mmoja akageuka kuniuliza: "Shangazi, kumbe babu alikuwa bonge?"

Nikamtazama baba kwenye kioo. Kweli alikuwa bonge. Uso umetanuka kama sinia, shingo imekwisha, koti limejaa. Dada yangu, ambaye siku ile alikuwa msichana wa kiuno chembamba, alionekana mama wa watoto sita. Hata gari la harusi lilikuwa limelala chini kana kwamba limekalia matairi yake. Nikachukua rimoti, nikabonyeza mara mbili, picha ikajikusanya katikati ya kioo na kuacha weusi kulia na kushoto. Baba akarudi. Watoto wakalalamika kwamba nimeharibu TV.

Lalamiko hilo nalijua. Huu ni mwaka wa kumi na nne naendesha banda la video, na haipiti wiki bila mtu kuniambia, "Mama, picha haijai." Mvuvi ametoka ziwani alfajiri, ameuza dagaa wake, amelala kidogo, jioni ametoa mia tatu yake mlangoni, anakitaka kioo chote alichokilipia. Namwelewa. Lakini nataka kumshawishi yeye, na wenye mabanda wenzangu kuanzia Mbamba Bay hadi Mbinga, na mafundi wanaowafungia watu TV majumbani, na vijana wanaopiga video za harusi na ngoma, kwamba weusi ule haumnyimi mtu kitu. Anayemnyima ni yule anayeuondoa.

Mwezi wa pili mwaka huu, Jumamosi moja ya mvua, umeme ulikatika na watoto wa darasa la sita na la saba wakabaki bandani wakisubiri urudi. Nikawapa kipande cha mkaa na rula ya shule ya sentimita 30. Ukuta wangu wa ndani umepakwa chokaa. Nikawaambia, kila picha tutakayochora itakuwa na kimo cha rula moja, haizidi wala haipungui. Kitakachobadilika ni upana peke yake.

Ya kwanza tuliipa upana wa sentimita 40. Hiyo ni TV ya chogo, ni mkanda wa VHS, ni harusi ya dada yangu. Ni sinema yenyewe pia, siku ilipozaliwa. Kule Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1890, William Dickson, aliyekuwa akifanya kazi kwa Thomas Edison, alichukua filamu ya Eastman yenye upana wa milimita 70, ikapasuliwa katikati, akapata milimita 35. Pembeni akatoboa matundu, manne kwa kila picha, na picha iliyoenea kati ya matundu hayo ilikuwa na upana wa inchi moja na kimo cha robo tatu ya inchi. Nne kwa tatu. Uamuzi huo wa karakanani ukawa umbo la sinema ya dunia kwa karibu miaka sitini. Sinema za mafunzo zilizotengenezwa Vugiri, kule Usambara, kati ya 1935 na 1937, zikazungushwa kwa lori Afrika Mashariki na kufika hadi Nyasaland ng'ambo ya ziwa letu, zilikuwa na umbo la namna hiyo. Shuka jeupe ambalo wamisionari walilifunga kati ya miembe miwili nilipokuwa mdogo, wakatuonyesha filamu ya Yesu kwa projekta iliyonguruma kuliko jenereta, nalo lilipokea picha karibu ya mraba, na upande wa kushoto wa shuka ulibaki mtupu ukipepea.

Ya pili ilizidi ya kwanza kwa sentimita moja tu, 41. Watoto wakauliza kwa nini tuhangaike na sentimita moja. Ni kwamba sauti ilipoingia kwenye sinema ilihitaji pa kukaa, ikapewa ukingo mwembamba pembeni mwa filamu. Picha ikabidi isogezwe na kupunguzwa, na mwaka 1932 Hollywood ikakubaliana juu ya umbo linaloandikwa 1.37. Hapo nikapata nafasi ya kuwaeleza namba hizi maana yake nini, kwa kuwa wengi huziona nyuma ya kasha la diski wakadhani ni za mafundi tu. Ni upana uliogawanywa kwa kimo, basi. Arobaini na moja gawanya kwa thelathini.

Kutoka hapo tukaruka mbali. TV ya flati, 16 kwa 9, ilitoka sentimita 53. Umbo la 1.85, ambalo filamu nyingi za Marekani hulitumia, likatoka 55 na nusu. Hatari!, ile ya John Wayne iliyopigwa Momella, Arusha, na nyanda za jirani, ikatoka mwaka 1962, ni ya umbo hilo. Filamu ya milimita 70 ikatoka 66. Sholay ya mwaka 1975 ilionyeshwa kwa umbo hilo katika majumba makubwa ya India: iliyopigwa ilikuwa milimita 35, watengenezaji wenyewe wakaikuza na kupunguza juu na chini mpaka ikaenea. Skopu, 2.39, ikatoka 72. Na Ben-Hur ya 1959, yenye mashindano ya magari ya farasi, ikatoka 83, karibu mara tatu ya kimo chake.

Mtoto mmoja wa darasa la sita akataka tuchore ziwa. Tukapiga hesabu. Ziwa Nyasa lina urefu unaopita kilomita 550, na penye upana mkubwa kabisa ni kama kilomita 75. Ukililaza ubavu, kimo kikiwa rula moja, upana wake unapita mita mbili. Akauchora mwenyewe, polepole, akitembea na mkaa, na mstari ukaenda ukakaribia mlango.

Skopu ndiyo inayostahili kuelezwa kwa kirefu, maana ndiyo inayoleta weusi na ugomvi. Miaka ya mwanzo ya 1950 Wamarekani walikuwa wamenunua televisheni kwa wingi, na televisheni ilikuwa imechukua umbo lilelile la sinema, nne kwa tatu. Majumba ya sinema yakaanza kukosa watu. Wenye sinema wakatafuta kitu ambacho TV ya sebuleni haikuwa nacho, wakakipata: upana. Septemba 30, 1952, mjini New York, ilionyeshwa Cinerama, projekta tatu zikimwaga picha tatu zilizounganishwa kwenye kiwambo kilichojipinda kama ukingo wa ghuba. Ilikuwa ya ajabu na ya gharama, na haikuwezekana kuipeleka kila mji.

Kampuni ya Twentieth Century-Fox ikamkumbuka profesa mmoja Mfaransa, Henri Chrétien, mtaalamu wa nyota, ambaye tangu miaka ya 1920 alikuwa na lenzi aliyoiita Hypergonar. Ili kuielewa, chukua sufuria jipya linalong'aa ujitazame ubavuni mwake. Unajiona mwembamba kama mwanzi, kwa kuwa ubavu wa sufuria umejipinda upande mmoja tu: unabana upana, urefu hauugusi. Lenzi ya Chrétien ilifanya hivyo kwa makusudi na kwa kipimo. Kamera inatazama mahali papana, lenzi inabana upana mara mbili, picha inatosha kwenye filamu ileile ya milimita 35. Ukiishika filamu mkononi, watu wote ni mianzi. Kisha kwenye projekta inafungwa lenzi nyingine inayokunjua kile kilichokunjwa, na juu ya kiwambo watu wanarudi kuwa watu, pamoja na mandhari mara mbili ya waliyozoea kuiona. Filamu ya kwanza ya namna hiyo kutolewa na Fox, The Robe, ilianza kuonyeshwa Septemba 1953. Wakaiita CinemaScope, na neno skopu likabaki midomoni mwa watu. India ilipata yake ya kwanza mwaka 1959, Kaagaz Ke Phool ya Guru Dutt.

Watoto walipolielewa la sufuria, nikawarudisha kwa baba yangu kwenye mkanda wa harusi. TV yangu ya inchi 43 ilikuwa imemfanyia baba kazi ya ile lenzi ya pili. Ilikuwa inamkunjua mtu ambaye hakukunjwa. Kamera ya harusi ilimchukua sawasawa, nne kwa tatu, nayo TV ikamvuta mpaka akaenea kumi na sita kwa tisa, yaani ikamwongezea theluthi moja ya upana wake. Mabega ya sentimita 42 yakawa 56. Kosa lilitokea siku TV iliponunuliwa, pale aliyekuja kuifunga alipoweka picha ijaze kioo ili nifurahi, akaniachia hivyo, nami nikakaa nayo miaka miwili.

Kuvuta ni kosa la kwanza. La pili ni kukata, nalo ni baya zaidi kwa sababu halionekani. Mtu aliyevutwa utamshuku. Aliyekatwa hutajua kwamba alikuwepo.

Nilisoma Mbinga, nikikaa kwa mjomba aliyekuwa akifanya kazi ya kahawa. Tanzania Bara haikuwa na kituo chochote cha televisheni hadi mwaka 1994, lakini deki zilikuwa zimekwishafika, na mjomba alikuwa na deki na mikanda sita. Mmoja ulikuwa Enter the Dragon ya Bruce Lee. Tuliuangalia mpaka ukaanza kutoa chenga. Sisi watoto tuliamini, na tuliapa hivyo shuleni, kwamba Bruce Lee ana nguvu isiyoonekana, kwa sababu kwenye mkanda ule adui alikuwa akiruka nyuma na kuanguka wakati stelingi hayupo hata karibu naye. Mara nyingine ulitokea mguu tu, kutoka pembeni, bila mwenyewe. Tulijenga imani nzima juu ya mguu ule.

Miaka mingi baadaye nikainunua filamu hiyo kwenye diski, ikiwa na weusi juu na chini. Nikamwona Bruce Lee amesimama kulia, adui kushoto, na kati yao hatua tatu tupu ambazo anazipima kwa macho kabla hajaruka. Filamu ile ya mwaka 1973 ilipigwa kwa skopu. Ukiitia kwenye kioo cha chogo bila weusi, unabaki na kama asilimia 56 ya upana wake. Kinachobaki nje ni karibu nusu, na katika pigano la watu wawili karibu nusu ni mtu mmoja. Mahali fulani kulikuwa na fundi mbele ya mashine akiamua: hapa waone wa kulia, hapa nisogeze wamwone wa kushoto. Ndivyo mikanda mingi ya VHS ilivyotengenezwa, na watazamaji hawakuambiwa.

Watengenezaji wenyewe walilia. Sydney Pollack, yule aliyekuja Kenya kupiga Out of Africa iliyotoka mwaka 1985, aliipeleka televisheni ya Denmark mahakamani kwa kurusha filamu yake ya zamani, Three Days of the Condor, ikiwa imekatwa kando hivyo. Mwaka 1997 mahakama ya huko ilikubali kwamba ukataji ule uliharibu kazi yake na kuvunja haki yake, ingawa kituo chenyewe hakikutiwa hatiani. Mtu kuvuka nchi na kulipa mawakili kwa sababu ya kando za picha! Wengine wataona ni anasa. Mimi niliyeamini nguvu isiyoonekana ya Bruce Lee nasema alikuwa na haki.

Sasa mtu ataniuliza, kama filamu nyingi ni pana kuliko kioo, kwa nini wasitengeneze TV pana zaidi? Jibu lake nalipenda kuliko habari nyingine zote za jambo hili. Miaka ya 1980, wahandisi walipokuwa wakitafuta umbo la televisheni mpya, Kerns Powers wa Marekani alikata mistatili yenye maeneo yanayolingana, kila mmoja kwa umbo mojawapo lililotumika: nne kwa tatu, 1.66 ya Ulaya, 1.85, 2.20, 2.35. Akaipanga mmoja juu ya mwenzake, vitovu vikikutana. Akaona kwamba yote inaenea ndani ya mstatili mmoja wa nje, na pale yote inapopandana kati kuna mstatili wa ndani, na mistatili hiyo miwili ina umbo lilelile: 1.78, yaani 16 kwa 9. Kwa hiyo kioo tulichonacho ni mapatano. Kilichaguliwa ili kila picha ipate mahali, ya zamani ikiacha weusi pembeni, ya skopu ikiacha weusi juu na chini, na yeyote asipoteze zaidi ya mwenzake. Waliokitengeneza walijua tangu mwanzo kwamba weusi utakuwepo.

Sisemi kwamba pana ndiyo bora. Watu wakishaijua skopu hupenda kuamini hivyo. Mfano wa kuwapinga nauanzia hapa karibu. Liuli, jirani zetu, wakati wa Wajerumani iliitwa Sphinxhafen, na hapo mwezi Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliivamia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa imepandishwa ufukweni kutengenezwa. Wazee wanaonyesha mahali. Ukitaka filamu ya vita vya maziwani vya wakati ule, iko The African Queen ya John Huston, ya mwaka 1951, iliyopigwa Uganda na Kongo: mashua moja mbovu, mwanamke mmoja mmisionari, mwanamume mmoja mlevi. Ni 1.37, sentimita 41 ukutani kwangu. Na inatosha! Watu wawili kwenye mashua nyembamba, mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye mashine, nyuso zinajaza fremu na mto unabanwa pande zote. Ungeipiga kwa 72 ungeongeza matete. Nimeionyesha bandani mara tatu na weusi wake kulia na kushoto, na mara ya tatu walikuja akina mama peke yao, wakauliza kama ipo nyingine kama hiyo.

Kila kitu kina umbo lake la kutazamwa, na hapo natoka kwenye filamu za Hollywood kuja kwenye simu zetu.

Mwaka juzi kulikuwa na mashindano ya mganda hapa ufukweni. Kwa msomaji asiyetoka ziwani: mganda ni ngoma ya wanaume wanaojipanga safu kwa safu kama askari wa gwaride, sare zimenyooshwa, hatua moja, mkono mmoja, na malipenga ya vibuyu yakilia pamoja. Uzuri wake wote ni safu. Mchezaji mmoja peke yake hakuambii chochote. Ni pale watu kumi na sita wanapoinama kwa pamoja, ndipo mwili unasisimka. Aliajiriwa kijana wa video kutoka mjini. Alipiga siku nzima kwa simu nzuri, akiwa ameisimamisha wima, kwa kuwa alitaka kurusha video mitandaoni jioni ileile. Simu wima ni 9 kwa 16. Mahali ambapo simu iliyolala ingewaona wote, iliyosimama inawaona zaidi kidogo ya nusu. Kwa hiyo tuna saa mbili za wachezaji wa nusu safu, mchanga mwingi miguuni mwao na mbingu nyingi juu ya vichwa vyao.

Mzee aliyekuwa mwisho wa safu ya mbele, upande wa kushoto, alicheza mganda tangu ujana wake. Alifariki miezi minne baadaye. Wanawe walikuja kwangu na flashi, tukakaa usiku mpaka saa sita tukitafuta. Tulipata kiwiko. Tulipata lipenga lake likiingia na kutoka kwenye ukingo wa picha. Uso tuliupata mara moja, kijana alipokuwa akigeuza simu kuizima.

Mama yao akasema, "Basi, mwanangu. Inatosha." Akainuka akaenda nyumbani.

Ndiyo maana naandika. Filamu za Marekani zitatunzwa na wenyewe, wana maghala na wataalamu. Mganda wa Lundo na kioda, ngoma ya akina mama wa huku, vinatunzwa na sisi, kwenye flashi za elfu kumi. Picha ikikatwa siku ya kupigwa, hakuna rimoti ya kuirudisha. Kijana anayeisoma makala hii na ana simu: kabla hujabonyeza, jiulize unachokitazama kimesimama au kimelala. Mtu mmoja anayezungumza, simamisha simu ukipenda. Mnazi, simamisha. Bibi harusi na gauni lake, sawa. Safu ya ngoma, meza ya wazee, mtumbwi, mazishi, laza simu, urudi nyuma hatua kumi, na kama kuna kiti panda juu yake. Kwa mitandao unaweza kukata baadaye, ya asili ibaki nzima.

Na kwa mwenye banda mwenzangu: kwenye rimoti kuna kitufe, kwenye nyingi kimeandikwa ZOOM au P.SIZE. Usikitumie kujaza kioo. Weka picha iwe na umbo ililokuja nalo. Kupima ni rahisi, tafuta kitu cha duara kwenye picha, gurudumu, mpira, sahani, mwezi. Kikiwa yai, kuna mtu anavutwa. Mpira wa miguu wa Jumamosi hautakupa shida, unapigwa kwa 16 kwa 9 na unajaa wenyewe. Shida ni filamu, mikanda ya zamani na video za simu.

Najua jibu la walio nyuma, na ni la haki. TV ya inchi 43 ina kimo cha kama sentimita 53. Filamu ya skopu inachukua 40 tu kati ya hizo. Mtu aliyekaa kwenye benchi la mwisho, watu hamsini mbele yake, anaona ukanda mwembamba na visogo. Mwaka jana nilijaribu kumwambia mzee mmoja wa benchi hilo habari za Bruce Lee na hatua tatu, akanisikiliza kwa adabu, akasema, "Mama, hizo hatua nami sizioni, hata zikiwepo." Sikuwa na la kumjibu. Nimetoa mabenchi mawili ya nyuma na kutandika mikeka mbele, watoto chini, wazee kwenye viti vya kati, na siku ya filamu ya skopu naingiza watu thelathini badala ya sitini. Inanigharimu. Naweka akiba ninunue projekta, kwa kuwa ukutani hakuna kioo cha kujazwa: picha ya skopu inaweza kuwa pana mita tatu na nusu na kimo chake kikakaribia mita moja na nusu, na weusi ukawa ni giza tu la chumba, lisilomsumbua mtu.

Usiku usio na mwezi, wavuvi wa dagaa huwasha taa zao ziwani. Anayekuja Lundo mara ya kwanza hudhani ni mji wa Malawi. Taa zinaanza upande wa kulia, zinapita mbele ya macho yako zote, na inabidi ugeuze shingo kuzimaliza kushoto. Wageni wote hutoa simu, wakaisimamisha wima, wakapata taa nne kati ya weusi wa mbingu na weusi wa maji. Mwanangu wa kike alizipiga mwezi uliopita akiwa amelaza simu juu ya ukingo wa mtumbwi, akapata thelathini na moja. Tulizihesabu pamoja kwenye TV.

Projekta ikipatikana, ukuta wa mashariki ndio utakaopokea picha, na fundi atakuja kuupaka chokaa upya. Ameshaambiwa aache ule mwingine wenye mkaa. Watoto wameandika majina ya filamu ndani ya kila mstatili, na yule wa darasa la sita ameanza kuchora mitumbwi ndani ya ziwa lake, kuanzia upande wa mlango.